Uvimbe ndani ya moyo: tunayoambiana na ukweli wenyewe

"Moyo haupatagi uvimbe." Hii nimeisikia mara nyingi na watu wanaisema kwa uhakika kabisa. Unapata, ila ni nadra mno. Kwa watu wazima, kati ya ule unaoanzia moyoni kwenyewe, unaoonekana zaidi ni miksoma, sio kansa, ni kitu laini kama jeli kinaning'inia kwa kikonyo, na kwa wagonjwa kama 3 kati ya 4 kinakuwa chumba cha juu kushoto.

Sasa hapo inazaliwa dhana inayoniuma kuliko zote: "kama sio kansa tuuache tu." Jamani hapana! Ule uvimbe unacheza kila moyo ukipiga, unaweza kuziba mlango wa valvu mtu akadondoka ghafla, au kipande kikameguka kikaenda na damu mpaka kwenye ubongo, kiharusi hicho, kwa mtu wa miaka 35 asiye na presha wala sukari, halafu familia inaanza kutafuta nani kamroga.

Eti daktari akisikiliza kifua atajua. Atasikia mlio, sawa, lakini unafanana na wa valvu iliyosinyaa kwa rumatiki, ugonjwa unaoharibu valvu za moyo ambao huku kwetu upo sana, na wengine wanakuja na homa, wamekonda, viungo vinauma, wanapimwa malaria, wanapimwa TB. ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, nayo haiuonyeshi. Kinachouonyesha ni eko, yaani ultrasaundi ya moyo, haichomi wala haiumi. Ukimwona mtu pumzi inambana akikaa au akilalia upande fulani, akigeuka anapata nafuu, mwambie amuulize daktari kuhusu eko.

Dawa ya kuuyeyusha? Hamna, iwe ya hospitali au ya miti. Ni ule wa watoto, rabdomioma, ndo mara nyingi unanywea wenyewe.

Na operesheni sio hukumu ya kifo. Daktari wa upasuaji Crafoord aliutoa salama kule Stockholm, Sweden, mwaka 1954! Moyo unasimamishwa, mashine inasukuma damu, uvimbe unakatwa pamoja na kipande cha ukuta ulikoshikia ili usiote tena, pengo likiwepo linazibwa kwa kiraka. Wala sio lazima India, moyo unafunguliwa Dar pale Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete.

Kurudi ni nadra, ila kuna wa kurithi unaopenda kurudi, kwa hiyo ukigundulika ni huo ndugu wa damu nao wapigwe eko hata kama hawasikii chochote.