Bert Williams, mchekeshaji wa masizi

Kila mwaka nikianza kufundisha uigizaji wa vichekesho, darasa hunijia na maneno mengi mdomoni. Basi nawaeleza kipande cha karata cha Bert Williams. Yuko peke yake jukwaani, hana karata mkononi, hasemi kitu. Anacheza poka na watu wasioonekana. Anachungulia karata zake, anajikaza asicheke, anaongeza dau, halafu taratibu sura inambadilika: ameliwa. Ukumbi unavunjika mbavu.

Williams alizaliwa Nassau, Bahamas, mwaka 1874, akakulia California. Huko San Francisco alikutana na George Walker, wakawa wawili: Walker mtanashati mwenye maneno, yeye goigoi asiyeisha mikosi. Mwaka 1903 wakaingia Broadway, mtaa wa kumbi kubwa za maonyesho za New York, na In Dahomey, mchezo wa muziki uliotungwa na kuigizwa na watu weusi, kisha wakaupeleka London hadi Buckingham Palace.

Yote hayo Williams aliyafanya kajipaka masizi ya kizibo kilichochomwa. Wazungu walikuwa wamejipaka hivyo miaka mingi kuwakejeli weusi, na watazamaji wakazoea kwamba mweusi wa jukwaani lazima awe vile. Wapo wanaomlaumu mpaka leo. Mimi nasimama upande wake. Mwenyewe alieleza kwamba ucheshi wake ulikomaa alipoweza kujitazama kama mtu mwingine, na mchekeshaji yeyote anajua uzito wa kauli hiyo. Chini ya masizi aliweka mtu anayeumia, tena anayefikiri. Kejeli ya zamani haikuwa na mtu ndani yake.

Walker aliugua, akafariki 1911. Mwaka mmoja kabla, mtayarishaji wa maonyesho Florenz Ziegfeld alikuwa amemchukua Williams katika Follies, onyesho kubwa la wazungu. Baadhi ya waigizaji walitishia kuondoka. Ziegfeld hakutetereka, na Williams akabaki, ila kwa makubaliano kwamba asiachwe jukwaani peke yake na mwanamke mzungu.

Wimbo wake Nobody, aliourekodi 1906, ulimganda. Kila mahali watu waliudai, hata akaandika kwa mzaha kwamba angefurahi kama mtunzi wa maneno na mtunzi wa muziki wangenyongwa mapema. Muziki aliutunga yeye! Alifariki Machi 1922, akiwa na miaka 47, siku chache baada ya kuanguka akiwa kazini Detroit.

Usimsome tu, mtazame. Mwaka 1913 alicheza filamu ambayo haikumalizwa; mikanda yake ilikaa katika jumba la makumbusho la MoMA, New York, na ikaonyeshwa 2014. Humo ni yeye peke yake mwenye masizi. Weusi wenzake wako na nyuso zao, wanacheza dansi na kupanda bembea, na mwishoni yeye na mpenzi wake wanabusiana bila mzaha wowote. Nikiwaonyesha wanafunzi, nawaambia waangalie macho yake katika busu hilo, kisha wanipe jibu: je, hapo bado anachekesha?