Sharti moja, dunia nzima: dhana potofu kuhusu kubuni sayari na viumbe wake

Waandishi wengi wa hadithi za kisayansi huanza wakiamini kwamba sayari ya kubuni haina masharti. Mwandishi ndiye muumba: akitaka bahari ya dhahabu ataiweka, akitaka mnyama wa vichwa saba atamfuga. Dhana hii ndiyo mama wa nyingine zote. Msomaji yuko tayari kukubali jambo la ajabu, ila anataka lizae matokeo yake. Ukiandika kwamba jua la kule halitui, atauliza wenyeji wanalala lini, na jibu la swali hilo ndilo litakalomfanya aiamini sayari yako.

Tuanze na ile ya kumchukua mdudu na kumkuza hadi awe kama nyumba. Hesabu inakataa. Panzi ukimrefusha mara 10, huongezeka upana mara 10 na kimo mara 10, hivyo uzito wake hufika mara 1,000. Lakini uwezo wa mguu kubeba hutegemea unene wake, yaani eneo la pale ambapo ungeukata, na eneo hilo limeongezeka mara 100 tu. Kila mguu umeelemewa mara 10 kuliko mwanzo. Galileo alilieleza jambo hili mwaka 1638, na ndiyo sababu mfupa wa tembo si mfupa wa swala uliokuzwa: ni mnene kupita kadiri ya urefu wake. Halafu kuna pumzi. Wadudu hawana mapafu. Hewa huingia kwa vitundu vya ubavuni na kusambaa katika mirija myembamba. Mirija ikirefuka mno, oksijeni haifiki ndani kwa wakati.

Kama bado unamtaka, mbadilishie hewa. Miaka ipatayo milioni 300 iliyopita, kwa makadirio ya wataalamu, oksijeni ilikuwa karibu asilimia 30 ya hewa ya Dunia, wakati leo ni 21. Siku hizo aliruka mdudu wa ukoo wa kereng'ende, Meganeura, ambaye mabawa yake yalifika sentimita 65 hivi kutoka ncha hadi ncha. Basi ongeza oksijeni, lakini ujue umeongeza na moto: hata kuni mbichi zitashika upesi, na radi moja itateketeza msitu. Wenyeji wa huko wajenge kwa nini? Wapike wapi? Hapa ndipo ninapopapenda kuliko pote katika kazi hii, sharti moja linapoanza kuzaa utamaduni mzima.

Oksijeni nayo ina dhana yake, kwamba huja pamoja na sayari nzuri, kwa hiyo shujaa anaweza kushuka, akavua kofia na kuvuta pumzi. Kwa kweli gesi hii haidumu peke yake. Hushikana na chuma ikawa kutu, hushikana na gesi nyingine, ikaisha hewani. Dunia yetu ilikaa karibu nusu ya umri wake bila oksijeni ya maana, hadi bakteria wanaotumia mwanga wa jua walipoanza kuijaza, miaka ipatayo bilioni 2.4 iliyopita. Shujaa wako akivuta pumzi, pawe na kitu hai kinachoitengeneza hewa hiyo, na msomaji awe amekiona.

Na viumbe wa silikoni je? Husemwa kwamba silikoni inafanana na kaboni, basi inaweza kushika nafasi yake popote. Zinafanana kweli: kila moja huweza kushikana na atomu nyingine nne. Ila zaidi ya robo ya uzito wa ganda la Dunia ni silikoni, kaboni ni kidogo mno, na bado uhai wote tunaoujua umejengwa kwa kaboni. Kaboni ikiungana na oksijeni hutoa gesi, ile tunayoitoa puani. Silikoni hutoa silika, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mchanga. Kiumbe huyo angetoa pumzi ya mchanga! Ukimng'ang'ania, mpe sayari isiyo na oksijeni huru.

Sayari iliyo jangwa tupu au barafu tupu ni kosa jepesi zaidi. Sayari ni tufe. Nyota huipiga wima mahali pamoja na kwa mshazari pengine, basi joto halilingani. Ukitaka lilingane, jifunze kwa Zuhura, ambako kanieneo ya hewa ni mara 90 hivi ya yetu, na usiku kuna joto kama mchana, nyuzi 465 hivi. Kinyume chake, sayari 7 za nyota TRAPPIST-1 ziko karibu nayo sana, na huenda kila moja huionyesha uso uleule daima. Mchana usiokwisha upande huu, usiku usiokwisha upande ule. Kwa watu wa huko, “alfajiri” lingekuwa jina la mahali.

Umbo la binadamu, ambalo wengi huwavisha viumbe wao, tumelirithi kwa samaki wa kale waliokuwa na jozi mbili za mapezi, si amri ya maumbile. Jicho ni habari nyingine: pweza na sisi tulilipata kila mmoja kwa njia yake. Mpe kiumbe wako macho bila hofu, ila vidole vitano vifikirie mara mbili.

Hata jua si lazima. Mwaka 1977 nyambizi Alvin ilikuta chemchemi za moto karibu na visiwa vya Galápagos, mita 2,500 hivi chini ya bahari, na kando yake minyoo mirefu isiyo na mdomo wala utumbo, inayolishwa na bakteria walio ndani yake, ambao hupata nguvu kwa kemikali za chemchemi badala ya mwanga.

Dhana ya waandishi makini ni kwamba utafiti wote sharti uonekane. Titan, mwezi wa Zohali, una hewa nzito kuliko yetu, mvutano wa moja ya saba ya wetu, na mvua ya methani. Usifungue sura kwa takwimu hizo. Mwache mtoto wa huko ainue uso, alione tone likija, amalize kuzungumza na mwenzake, kisha asogee pembeni kabla halijamfikia.