Nani kasema chakula cha Mwingereza hakina viungo?

Mzee mmoja wa Mombasa alikuja kumtembelea mwanawe hapa Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, na Jumapili wakaja kula kwetu. Nikampelekea sahani kwa mkono wangu: nyama ya ng'ombe ya kuoka, viazi, kabichi na mchuzi wake pembeni. Kabla hajaonja hata kipande, akatoa mfukoni mwa koti chupa ya pilipili aliyotoka nayo nyumbani. "Mwanangu," akaniambia, "hawa walivuka bahari zote kutafuta viungo, walipofika kwao wakasahau kuvitia chunguni." Meza nzima ikaangua kicheko.

Sikumjibu, ni mzee wangu. Lakini maneno hayo nayasikia mwaka wa kumi na nne sasa, tangu nilipoingia jikoni huku: kwa mashangazi waliokuja kuona wajukuu, kwa wanafunzi wa chuo, kwa bwana harusi aliyeniomba nipike "chochote isipokuwa cha Kiingereza". Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Chakula hiki ndicho ninachokipika kila siku, nakijua ndani nje, na mengi yanayosemwa juu yake si kweli.

"Hakina viungo, na hakijawahi kuwa navyo"

Hii ndiyo inayonichosha kuliko zote, kwa hiyo nitakaa nayo.

Karibu na mwaka 1390 wapishi wa Mfalme Richard wa Pili waliandika mapishi yao kwenye gombo la ngozi. Lisome uone walichokuwa wakitia: tangawizi, mdalasini, karafuu, basibasi, kungumanga, zafarani, pilipili manga. Fundi yeyote wa pilau angeingia jikoni mle akajiona yuko nyumbani. Na haukuwa ugeni wa siku moja, kwa maana wauza pilipili manga wa London walikuwa na chama chao tayari mwaka 1180.

Baadaye, hasa kuanzia karne ya 17, mambo yakageuka. Viungo vilikuwa vimeanza kushuka bei, na mtindo mpya wa upishi ukatoka Ufaransa: nyama iwe na ladha ya nyama, samaki awe na ladha ya samaki, na mchuzi ujengwe kwa siagi na supu ya mifupa badala ya mdalasini na tangawizi. Ulaya ya magharibi ikafuata, Waingereza nao wakafuata. Mbona basi sijawahi kusikia mtu akimcheka Mfaransa kwa kukosa bizari? Kuku wake wa siagi hana bizari hata chembe, na watu wanamlipia fedha nyingi.

Lakini viungo havikuondoka Uingereza. Vilihama mahali. Mpishi wa pwani yetu huvitia chunguni tangu mwanzo, vikaiva pamoja na kitunguu. Mwingereza aliviweka pembeni mwa sahani na kwenye vitamu. Ukitafuta ukali wake ndani ya nyama hutauona, kwa sababu hauko humo. Uko kwenye kibakuli kidogo ambacho wageni wangu wengi hukisukuma kando wakidhani ni pambo.

Kwenye kibakuli hicho huwa mna haradali, ambayo karibu na Norwich ilianza kusagwa kwa jina la Colman's mwaka 1814. Au mna hosradishi, mzizi unaokunwa mbichi ukachanganywa na malai, na ukali wake hauchomi ulimi bali unapanda puani. Kwa mwanakondoo huwa ni nanaa iliyokatwakatwa ikatiwa siki na sukari. Kwa nyama baridi ni pikalili, ambayo wewe ukiionja utaiita achari bila kuuliza: mboga za siki, haradali na manjano, na kweli iliigwa kutoka achari za Kihindi. Ile chupa nyeusi ya Lea & Perrins, sosi ya Worcester inayouzwa tangu 1837, ina siki, dagaa waliokaa katika chumvi, vitunguu saumu, na ukwaju. Ukwaju huu huu wetu.

Karafuu je? Njoo Desemba nikuonyeshe. Nachukua kitunguu kizima kilichomenywa, nakichoma karafuu sita au saba, vichwa vikibaki nje kama misumari. Nakitumbukiza kwenye maziwa pamoja na jani la bei (bay leaf), moto mdogo, maziwa yasichemke. Baada ya nusu saa jikoni kunanuka kama Pemba wakati wa kuanika. Natoa kitunguu, natia chembe za mkate, nakuna kungumanga juu. Ni sosi ya kuku na bata mzinga, na asili yake ni ya zamani sana. Mwezi huo huo kuna pudini ya Krismasi yenye mdalasini, kungumanga na karafuu. Mwezi mmoja nyuma, tarehe 5 Novemba, Yorkshire nzima inakula pakini, keki nzito ya unga wa oti, molasi na tangawizi nyingi.

Na bizari yenyewe? Hannah Glasse, katika kitabu chake cha mapishi cha mwaka 1747, aliwafundisha wanawake wa Kiingereza kupika mchuzi wa kuku kwa namna ya Kihindi. Kabla karne ile haijaisha, bizari ya unga ilikuwa ikiuzwa madukani London. Mwaka 1810 Sake Dean Mahomed, mzaliwa wa Bihar, akafungua pale mjini mkahawa wa vyakula vya Kihindi. Ni zaidi ya miaka mia mbili iliyopita.

Yule mzee nilirudi mezani kwake. Nikamkatia kipande chembamba, nikapaka haradali ukubwa wa punje ya mahindi, nikamwomba aonje kabla hajafungua chupa yake. Macho yakamtoka machozi. Akanyamaza kidogo, akasema, "Hii imefichwa." Haikufichwa. Ilikuwa mbele yake tangu alipoketi.

Ombi langu kwa kila mgeni ni moja: onja kwanza bila kitu, kisha onja na kile kibakuli, halafu ndipo utoe chupa yako. Anayemwaga pilipili kabla ya kuonja hajala chakula changu, amekula pilipili yake.

"Wanachemsha kila kitu mpaka kinakufa"

Hapa kuna ukweli, na siukwepi. Isabella Beeton, mwandishi wa kitabu cha mapishi aliyesomwa karibu kila nyumba yenye uwezo baada ya 1861, aliagiza karoti kubwa zichemshwe zaidi ya saa moja. Watu walimtii. Kabichi za shule na hospitali za Uingereza zimewatesa watu vizazi kadhaa, na ndizo walizokutana nazo wanafunzi wengi wa Afrika Mashariki waliokuja huku miaka ya 1950 na 1960. Wakarudi nyumbani na hadithi, hadithi ikawa sifa.

Lakini lazima ujue walifika wakati gani. Tarehe 8 Januari 1940 serikali ilianza kugawa chakula kwa vitabu vya mgao, na mgao wa nyama haukuisha mpaka 4 Julai 1954. Kiasi kilipanda na kushuka, lakini mtu mzima mmoja kwa wiki nzima alikuwa akipata siagi gramu 57 hivi, jibini kiasi hicho, majani ya chai kiasi hicho, na yai moja. Yai moja kwa wiki! Kuoka keki kulitegemea mayai ya unga kutoka Marekani. Mkate, ambao vita haikuugusa, uliingia kwenye mgao baada ya vita, kuanzia 1946 hadi 1948. Maziwa ya kutengenezea jibini yalielekezwa karibu yote kwenye aina moja ya jibini iliyoitwa cheda ya serikali, na aina nyingi za vijijini zilikoma kutengenezwa. Nyingine hazikurudi.

Tena vitunguu. Kabla ya vita vingi vilitoka Brittany, Ufaransa, na visiwa vya Mlango wa Kiingereza. Wajerumani walipopateka huko mwaka 1940, vitunguu vikatoweka sokoni, mpaka watu wakawa wanachezeshana bahati nasibu washinde kitunguu kimoja. Mwambie mama yeyote wa Lamu au Bagamoyo apike miaka miwili bila kitunguu wala ndimu, kisha tumhukumu.

Mtoto aliyezaliwa mwaka 1940 alitimiza miaka kumi na minne ndipo nyama ikaachiwa huru. Alijifunza nini jikoni kwa mama yake? Kuungaunga, kuchemsha, kujaza tumbo. Msichana huyo ndiye aliyekuja kupika katika nyumba za wenyeji na mabweni ambayo jamaa zetu walilala. Tunacheka njaa ya watu, na jambo hili linaniudhi kweli, kwa sababu sisi pia tuna miaka ya foleni na unga wa njano, na hatupendi mtu aipime meza yetu kwa miaka ile.

"Rosti yao ni kavu"

Kwa sababu wewe unatafuta rosti ya kwetu. Ukiagiza maini rosti Dar es Salaam unaletewa rojo zito la nyanya na vitunguu. Neno tulilichukua kwao, chakula tukakibadilisha, na sasa tunawalaumu kwa kubaki na cha kwao.

Rosti ya Kiingereza asili yake ni nyama kuzungushwa kwenye mshikaki wa chuma mbele ya moto wazi. Mbele ya moto, si juu yake, ili mafuta yadondoke kwenye sinia bila kuwaka. Kazi ya kuzungusha walifanya watoto, baadaye mbwa waliofundishwa kukimbia ndani ya gurudumu, kisha mashine za uzito na minyororo. Pehr Kalm, msomi wa Sweden aliyepita Uingereza mwaka 1748, aliandika kwamba Waingereza karibu wanazishinda jamii zote kwa kuchoma nyama. Aliongeza pia kwamba zaidi ya nyama hiyo na pudini yao hawakuwa na mengi, nami nayataja yote mawili kwa kuwa yote aliyasema. Majiko ya chuma yenye mlango yalipoenea karne ya 19, mshikaki ukaondoka na nyama ikaingia ndani ya oveni. Hasara kubwa ilitokea pale.

Hata kwa oveni nyama haipaswi kuwa kavu. Ikikauka, mpishi ameiua: ameiacha mpaka ikawa ya kijivu hadi katikati, au ameikata palepale ilipotoka. Itoe, ifunike, iache itulie dakika ishirini hadi thelathini. Nawaambia wapishi vijana kila wiki na kila wiki yupo anayeshika kisu mapema. Jamaa zangu nao wana makosa yao: wanadai iive mpaka ndani isiwe na rangi kabisa, halafu wanalalamika kuwa ni ngumu. Usipoweza kula nyama yenye wekundu, niambie nikupikie shingo ya mwanakondoo kwa saa nne. Italainika yenyewe.

Viazi vya rosti ndipo ninapowapata wasioamini. Vichemshe mpaka kingo zianze kumong'onyoka, vimwage kwenye chujio, vitikise mpaka viwe na manyoya ya unga, viache vikauke mvuke. Kisha vitie kwenye mafuta yaliyokwisha pata moto ndani ya oveni. Usikie *chaaa*. Usipoisikia, vitoe, mafuta bado.

"Pudini ni kitu kitamu"

Si lazima. Pudini ya Yorkshire ni unga, mayai na maziwa, inaliwa na nyama. Hapo zamani uji wake uliwekwa chini ya mshikaki upokee mafuta yanayodondoka. Pudini nyeusi ni soseji ya damu, kwa kawaida ya nguruwe, na nimewahi kumzuia dada mmoja wa Zanzibar aliyeiweka kwenye sahani ya kifungua kinywa akidhani ni keki. "Chura shimoni" haina chura, ni soseji ndani ya uji wa pudini, ila uliza ni soseji ya nini. Vipai vidogo vya Krismasi huitwa vya nyama ya kusaga. Zamani nyama ilikuwamo kweli, siku hizi ni zabibu, viungo na wakati mwingine shahamu ya ng'ombe. Mwislamu anayejali asome karatasi ya pakiti kabla hajala.

"Viungo vya zamani vilikuwa vya kufunika nyama iliyooza"

Hapana. Mwenye fedha za zafarani alikuwa na fedha za nyama ya leo. Viungo ndivyo vilivyokuwa ghali, si nyama.

"Samaki na chipsi ndicho chakula chao cha asili tangu enzi na enzi"

Kina umri mdogo kuliko watu wanavyodhani. Samaki wa kukaangwa akiwa amevikwa uji wa unga aliletwa na Wayahudi waliokimbia Hispania na Ureno. Kumuunganisha na chipsi dukani kulianza miaka ya 1860, na wanaotajwa kuwa wa kwanza ni wawili: Joseph Malin wa London na John Lees wa Mossley, Lancashire. Wakati wa vita hakikuwekwa kwenye mgao, ndiyo maana kilizidi kupendwa. Siki wanayomwagia kwa desturi ni ya shayiri, nawe imwage bila woga. Lakini ukiwa huku kaskazini uliza kwanza wanakaangia nini. Yorkshire maduka mengi bado yanatumia mafuta ya ng'ombe, na chipsi zake zina ukoko ambao mafuta ya mimea hayautoi. Kwa anayetaka halali au asiyekula ng'ombe, swali hilo aliulize mlangoni, kabla hajapanga foleni.