Usiandike "kijani" halafu ukafunga mfuko

Mezani kwangu leo kuna vigae viwili, yaani vipande vya vyombo vya kale vya udongo vilivyochimbwa ardhini, vyote lebo ya mfuko inasema "glezi ya kijani", na aliyeandika macho yake hayakumdanganya sana. Ila ukivitoa juani unaona kimoja ni feruzi kabisa, rangi ya maji ya kina kifupi jua likiwa juu, na kingine ni kijani cha jani la mpera. Na rangi zote mbili zimetoka kwenye shaba! Kilichozitofautisha ni kioo ambacho shaba imeyeyukia ndani yake: kwenye kioo chenye sodiamu nyingi shaba inatoa feruzi, kwenye kioo cha risasi (ile metali, si ya bunduki) inatoa kijani. Yaani hapo una wafinyanzi wawili wenye mapishi mawili tofauti, na sisi tumewatia mfuko mmoja.

Kwa ambaye hajawahi kufikiria, glezi ni kioo chembamba kilichoyeyukia juu ya chombo cha udongo. Mchanga peke yake hauyeyuki mpaka upite digrii 1,700 hivi, joko la Iraq au Iran ya miaka 1,000 na zaidi iliyopita halikufika huko hata kidogo, kwa hiyo mfinyanzi alihitaji kitu cha kuulainisha. Wengine walitumia risasi. Wengine walichoma mimea inayoota kwenye ardhi ya chumvi wakachukua majivu yake, na hao ukiwapima unawajua haraka kwa sababu pamoja na sodiamu unakuta potasiamu na magnesi zimepanda, magadi ya madini, ambayo nayo yana sodiamu, hayaji na hivo vitu kwa wingi huo. Mitungi mikubwa ya feruzi iliyotengenezwa kusini mwa Iraq ilikuwa ya ukoo huu wa majivu, na vigae vyake ndo vilevile vilivyochimbwa Manda, Shanga na Unguja Ukuu, miji ya kale ya pwani yetu ya Afrika Mashariki, vilivyoletwa na majahazi ya kaskazi zaidi ya miaka 1,000 iliyopita.

Sasa unajuaje? Nilipoanza nilitegemea sana ile mashine ya eksirei ya kushika mkononi, unaielekeza kwenye kigae na sekunde chache baadaye una majibu. Inafaa kwa risasi, inafaa kwa shaba na bati (bati ile metali, si mabati ya kuezekea). Lakini sodiamu haiioni, miale yake ni dhaifu mno inamezwa na hewa kabla haijafika kwenye mashine, halafu inachosoma ni ngozi ya juu tu ambayo imelala ardhini karne 11 na sodiamu yake imeshachujwa na maji. Kuna vigae nilivyoviandikia ripoti nikarudi kuibadilisha yote baada ya kuvikata.

Kukata ndo kazi yenyewe. Unachukua kipande cha milimita 2 au 3 pembeni ambapo chombo tayari kimevunjika, unakizamisha kwenye resini, unasubiri igande, unasugua mpaka uso uwe kama kioo cha kujitazamia, kisha unakiingiza kwenye hadubini ya elektroni. Humo vitu vizito vinang'aa na vyepesi vinakuwa vyeusi. Glezi ya risasi inawaka nyeupe, ya majivu inabaki kijivu, punje za kwazi (madini ya mchanga mweupe) zinaonekana kama visiwa vyeusi, na unaona mpaka mapovu ya hewa yaliyokwama pale joko lilipozimwa.

Ninayoipenda kuliko zote ni glezi nyeupe ya Basra, mji wa kusini mwa Iraq. Karne ya 9, enzi za Waabbasi, makhalifa waliotawala kutoka Iraq, meli zilikuwa zinaleta vyombo vyeupe vya Kichina kwenye Ghuba na watu wenye uwezo wakavitaka. Basra haikuwa na udongo ule mweupe wala majoko ya joto la Uchina, ilikuwa na udongo laini wa manjano wenye chokaa nyingi. Wafinyanzi wakaufunika. Wakatia kwenye glezi oksidi ya bati, na ukikata kigae chake unaona punje zake zimetawanyika nyeupe kama chumvi kwenye kitambaa cheusi, nyingi hazifiki hata maikroni 1, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Udogo huo ndo siri, punje inakaribiana na urefu wa wimbi la mwanga, kwa hiyo mwanga ukiingia unatupwa huku na huku, haufiki kwenye udongo wa manjano, na jicho linasema nyeupe. Kuna glezi nyingine za Iraq za zama hizo ambazo weupe wake unatoka kwenye kwazi na mapovu, na kwa macho huwezi kuapa ipi ni ipi. Juu ya weupe huo walichora kwa buluu ya kobalti, karne kadhaa kabla ya kaure ya buluu na nyeupe ya Jingdezhen, mji wa Uchina, kupata jina.

Hao hao walipaka pia fedha na shaba juu ya glezi iliyokwisha kuchomwa, wakairudisha jokoni kwa moto mdogo wa moshi, fedha na shaba zikaingia ndani ya kioo zikachukua nafasi ya sodiamu, moshi ukazirudisha kuwa metali, chembe za nanomita chache tu (nanomita ni sehemu moja ya elfu ya maikroni) kwenye tabaka lisilofika unene wa maikroni 1. Ndo ule mng'ao wa dhahabu usio na dhahabu ndani yake, na kila nikiuona naduwaa kwamba mtu aliufikia kwa kuangalia moto na moshi.

Sasa ombi langu kwa mnaochimba. Kwenye mradi mmoja niliwahi kukuta vigae vya feruzi vimesuguliwa kwa brashi ngumu na maji mengi mpaka magamba ya juu, yale yenye rangi za upinde wa mvua yanayobanduka kama ganda la kitunguu, yameisha kabisa kwenye beseni. Niliumia sana. Magamba yale ni glezi yenyewe iliyooza, chini yake mara nyingi kuna maikroni chache tu za kioo kizima ambazo ndo tunazihitaji. Kigae cha feruzi kinachobanduka usikiguse na brashi, kiache kikauke kivulini na mchanga wake, kifunge peke yake, na kwenye lebo andika feruzi.