Je, wajua kwa nini gari la zamani huweza kuchemsha zaidi ukiling'oa thermostati?

Gari la miaka ya 1950 au 1960 likianza kuchemsha, ushauri wa kwanza huwa karibu uleule: ng'oa thermostati (valvu inayofungua na kufunga njia ya maji kwenda kupozwa kwenye rejeta), maji yapite bila kizuizi. Ukiusikia mara moja unaukubali. Lakini katika injini nyingi za wakati ule mambo huenda kinyume, na sindano ya geji hupanda zaidi, hasa kwenye foleni au mlima mrefu. Anayesababisha hayo ni tundu ambalo watu hulisahau: baipasi.

Tuanze injini ikiwa baridi. Pampu ya maji huzunguka tangu gari linapowashwa, kwa sababu inavutwa na mkanda. Wakati huo thermostati imefunga mlango wa kwenda rejeta. Kama maji yasingekuwa na pa kupitia, yale yanayozunguka valvu za ekzosi yangegeuka mvuke, huku yaliyo jirani na thermostati yakiwa bado ya baridi, nayo ingebaki imefunga. Mvuke hauchukui joto la chuma kama maji yanavyolichukua, na hivyo ndivyo hedi, yaani sehemu ya juu ya injini inayofunika bloku, zinavyopinda na kupasuka. Baipasi ni njia fupi inayoyachukua maji kabla ya thermostati na kuyarudisha kwenye pampu, yazunguke ndani ya bloku na hedi bila kugusa rejeta. Injini inapata moto kwa usawa, na thermostati inaguswa na maji yenye joto la kweli la injini.

Thermostati yenyewe, katika muundo uliozoeleka, ni kikombe kidogo cha shaba kilichojazwa nta. Nta ikiyeyuka hutanuka na kusukuma kijiti, na valvu inafunguka. Nambari iliyopigwa juu yake, tuseme 82, ni nyuzi za Selsiasi ambazo valvu huanza kufunguka. Kufunguka kabisa huhitaji nyuzi 10 hivi au zaidi juu ya hapo. Kwa hiyo injini yenye thermostati ya 82 ikitulia kwenye 88 haina ugonjwa wowote. Na kuweka ya 71 hakutibu rejeta iliyoziba. Thermostati huamua injini isipoe kupita kiwango gani. Isipande kupita wapi ni kazi ya rejeta na feni.

Sasa injini imepata moto na mlango wa rejeta umefunguka. Baipasi je? Hapa injini hutofautiana, na hapa ndipo ningeomba kila mwenye gari la zamani aijue injini yake kabla ya kununua kipuri. Katika baadhi ya injini, thermostati ina kazi mbili: inapofungua njia ya rejeta, papo hapo inaziba baipasi. Injini za Jaguar XK za miaka ya 1950 zilitumia thermostati yenye kola, yaani pete pana, inayopanda na kufunika tundu la baipasi. Nyingine zina kisahani chini ya springi kinachoshuka na kukandamiza tundu hilo. Ukiing'oa thermostati ya aina hii, baipasi inabaki wazi daima. Maji hufuata penye upinzani mdogo, na kurudi kwenye pampu kwa mkato ni rahisi kuliko kupenya vijibomba vya rejeta. Sehemu kubwa ya maji ya moto inazunguka tu ndani ya injini. Ukiweka thermostati ya kawaida isiyo na kola, matokeo ni hayohayo, na ubaya wake ni kwamba inaweza kukaa sawasawa mahali pake, gasketi ikabana, na usione kasoro yoyote kwa macho.

Wengine hueleza kwamba bila thermostati maji hupita mbio mno yasipate muda wa kupoa. Sikubaliani nao. Maji yakipita rejetani kwa wingi zaidi, joto linalotolewa haliwi pungufu. Kinachoharibika ni njia ya maji, pamoja na shinikizo: kizuizi kidogo cha thermostati huisaidia pampu kuweka shinikizo ndani ya bloku, na maji yenye shinikizo huchelewa kuchemka.

Injini ya A-Series ya kampuni ya Uingereza BMC, ile ya Mini na Morris Minor, ina mpango mwingine. Baipasi yake ni mpira mfupi kati ya hedi na pampu, na haizibwi kamwe. Wembamba wake ndio unaopunguza maji yanayokwepa rejeta. Mpira huo umewatesa mafundi wengi kwa sababu hauna nafasi ya kuingia bila kufungua pampu, ingawa siku hizi hupatikana wenye mikunjo unaoweza kubanwa. Baadhi huamua kuuziba na kutoboa matundu madogo kwenye sahani ya thermostati. Hilo hufanya kazi, ila injini huchelewa kupata moto. Kuziba bila kutoboa ni hatari, kwa sababu ile hali ya mvuke kwenye valvu inarudi palepale. Kwa gari la kutembelea barabarani, mimi ningeuacha mpira.

Thermostati mpya ipimwe kabla ya kufungwa: ining'inize kwa waya ndani ya sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, isiguse chini, upashe moto na kutazama inaanza kufunguka kwa nyuzi ngapi. Yenye kola au kisahani, hakikisha pia kinasogea hadi mahali pa kuziba. Ikiwa ina kijitundu cha kutolea hewa, kikae upande wa juu. Kisha washa gari na ushike mpira wa juu wa rejeta, ukiwa mbali na feni. Unapaswa kubaki wa baridi kwa dakika kadhaa, halafu upate moto kwa ghafla. Ukianza kupata uvuguvugu tangu mwanzo na kuongezeka polepole, thermostati haifungi.