Kabla ya Kununua King'amuzi cha Kurekodi, Tazama Juu ya Paa

Wiki iliyopita nilikuwa Mamboleo, hapa Kisumu, juu ya paa la mabati ambalo saa saba mchana halikanyagiki bila viatu. Mwenye nyumba, mwalimu mstaafu, alikuwa ameketi chini ya mwembe na king'amuzi kipya kikiwa magotini, bado kimo ndani ya sanduku lake. Ameamua kuachana na eria na kuhamia dishi, na safari hii anataka mtambo wa kurekodi, kwa sababu mechi za Ligi ya Mabingwa Ulaya anazozipenda huanza saa tano usiku wakati kwao ni majira ya baridi, na yeye saa nne tayari amelala.

"Fundi, hiki kina nafasi ya kutosha?" aliniuliza.

"Mwalimu, kabla ya nafasi, huku juu kuna nyaya ngapi?"

Ulikuwapo mmoja. Hapo nikajua kwamba tukikifunga king'amuzi hicho hivyo hivyo, usiku wa kwanza nyumba ingekuwa na ugomvi: mwalimu anarekodi mpira, mama anataka kutazama tamthilia yake, na mtambo unamwambia achague kimoja.

Nimefunga madishi hapa Kisumu, Ahero, Maseno na hadi Mbale kwa miaka mingi, na swali la kwanza la wateja karibu wote ni ukubwa wa diski, ile ghala ya ndani inayohifadhi rekodi. Duka nalo huuza kwa kutaja terabaiti. Mimi naomba uanze upande wa pili kabisa, kwenye paa, ushuke nao waya mpaka sebuleni. Diski ndiyo ya mwisho kuulizwa.

Sababu yenyewe ni hii. Kile kichwa kilicho mbele ya dishi, tunachokiita LNB, hupokea mawimbi ya kati ya gigahezi 10.7 na 12.75, kisha huyashusha hadi kati ya megahezi 950 na 2150 ili yaweze kupita kwenye waya. Lakini mawimbi ya setilaiti huja kwa mikao miwili, wima na mlalo, na kila mkao una bendi ya chini na ya juu. Jumla ni mafungu manne. Yafikirie kama matangi manne ya maji yaliyopangwa juu ya paa, na bomba moja tu linaloshuka ndani. Bomba hilo linaweza kuteka kutoka tangi lolote, ila moja kwa wakati. Anayeamua ni tangi gani ni king'amuzi chenyewe: kikipeleka volti 13 juu, LNB hutoa mkao wa wima, kikipeleka volti 18, hutoa mlalo, kikiongeza mtetemo wa kilohezi 22, hubadilika kwenda bendi ya juu.

Sasa weka king'amuzi chenye vipokezi viwili ndani yake, kimoja cha kutazama na kingine cha kurekodi. Kipokezi cha kwanza kinaomba wima, cha pili kinaomba mlalo, na waya ni mmoja. Haiwezekani. Utarekodi na kutazama kwa pamoja pale tu chaneli zote mbili zikiwa zimeangukia fungu moja, jambo ambalo huna uwezo wa kulipanga. Ndiyo maana wengine huniambia mtambo wao "una wazimu, siku nyingine unakubali, siku nyingine unakataa." Hauna wazimu wowote. Unateka kutoka tangi moja.

Kuna njia mbili za kutoka hapo. Ya kwanza ni nyaya mbili kutoka LNB yenye matundu mawili au zaidi, kila kipokezi na waya wake. Ni njia ya zamani, na ninaiamini kwa sababu ukipata hitilafu unajua pa kutazama. Ya pili ni LNB maalumu inayojua kupanga maombi ya vipokezi kadhaa na kuyapitisha kwenye waya mmoja, kila kipokezi kikipewa masafa yake ndani ya waya huo. Ving'amuzi vya kisasa vya kurekodi vimejengwa kwa njia hii, Explora ya DStv ikiwa mojawapo. Ila LNB hiyo na king'amuzi lazima vielewane, na kigawanyio cha kawaida cha shilingi mia mbili kikiwekwa katikati huvuruga mazungumzo yao. Kwa hiyo ukinunua mtambo wa namna hii, bei yake ni king'amuzi pamoja na LNB. Usikubali kuambiwa ile ya zamani "itafanya tu."

Mwalimu aliuliza kama angeweza kukitumia king'amuzi alichonunua mwaka 2015, tulipohama kutoka analojia, maana nacho kina tundu la kuchomekea flashi. Hapana. Kile kinasoma mawimbi ya minara ya ardhini, DVB-T2, na dishi hutoa DVB-S2. Hata tundu la waya likifanana kwa macho, lugha ni mbili tofauti. Vipo vya mchanganyiko vinavyosoma zote mbili, na kwa mtu anayetaka kubaki na chaneli za bure za eria huku akiongeza dishi, hivyo ni ununuzi mzuri.

Hapa kwetu kuna jambo la dishi lenyewe ambalo maelezo yaliyoandikwa Ulaya hayatakuambia. Setilaiti inayotuletea DStv imekaa nyuzi 36 mashariki, juu ya ikweta, umbali wa karibu kilomita 35,800. Nakuru iko nyuzi 36 na kidogo tu mashariki. Kisumu iko karibu nyuzi 34.8. Maana yake ni kwamba setilaiti hiyo iko utosini mwetu. Ndiyo sababu dishi la huku hulala likitazama mbingu, na ndiyo sababu utaona la jirani limegeukia Kakamega na lako limegeukia ziwani, yote mawili yakishika vizuri. Mwelekeo hauna uzito mkubwa setilaiti ikiwa juu ya kichwa. Chenye uzito ni namna LNB ilivyozungushwa kwenye mkono wake. Ikikaa upande, mikao miwili ya mawimbi huanza kuingiliana. Ukiwa unatazama, utaona chaneli fulani zinakwamakwama na utabadilisha. Ukiwa unarekodi, hakuna wa kubadilisha. Asubuhi utakuta faili imejaa vipande vya rangi. Mwambie fundi akuonyeshe kwenye skrini nguvu na ubora wa chaneli ya wima na ya mlalo, zote mbili, kabla hujamlipa. Kwa vile dishi limelala, mwambie pia asafishe majani na asiache maji yakituama kwenye ukingo wa chini.

Mvua kubwa za jioni zitakata picha hata dishi likiwa limefungwa vyema. Dakika hizo hazirudi kwenye rekodi. Ukiwa na chaneli inayorudia kipindi asubuhi, rekodi marudio.

Basi tufike kwenye diski, maana najua wengi mmeisubiri. Hesabu yake ni nyepesi. Chaneli ya HD ikisafiri kwa megabiti 8 kwa sekunde hula gigabaiti 3.6 kwa saa. Ya kawaida, kwa megabiti 2, haifiki gigabaiti moja kwa saa. Nusu terabaiti, yaani gigabaiti 500, hukupa zaidi ya saa 130 za HD, ambazo ni mechi zaidi ya hamsini pamoja na uchambuzi wake. Nani huweka mechi hamsini? Explora ilipotoka mwaka 2013 ilikuwa na diski ya terabaiti 2, na sehemu ya nafasi hiyo imetengwa kwa filamu na vipindi ambavyo kampuni yenyewe huvishusha humo. Kwa hiyo namba iliyoandikwa kwenye sanduku si lazima iwe yote yako.

Wanaotumia ving'amuzi vya bei nafuu vya kurekodia kwenye flashi au diski ya nje, sikilizeni hili. Flashi nyingi huja zikiwa zimepangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao hauwezi kubeba faili moja inayozidi gigabaiti 4. Kwa HD ya kiwango nilichotaja, hizo ni dakika 67 hivi. Kipindi cha kwanza cha mechi kitaingia, mapumziko yataingia, na dakika chache baada ya kipindi cha pili kuanza faili imejaa. Ving'amuzi vizuri hufungua faili ya pili na kuendelea, vibovu hunyamaza. Kama king'amuzi chako kinakubali NTFS, mfumo usio na kikomo hicho, panga upya diski kwa mfumo huo mapema, ikiwa bado tupu. Na kama diski ya nje inawaka na kuzimika, mara nyingi si mbovu: tundu la USB 2.0 limepangwa kutoa miliampea 500, na diski nyingi zinapoanza kuzunguka zinataka zaidi. Tafuta yenye waya wake yenyewe wa umeme.

Jambo linaloniuma zaidi katika kazi hii ni umiliki wa kilichorekodiwa. Kuna mzee mmoja upande wa Maseno aliyerekodi kwaya ya kanisa lao siku ilipoimba kwenye runinga. Marehemu mkewe alikuwa katika safu ya mbele. Aliitunza ile rekodi miaka mitatu, akiitazama kila Jumapili jioni. Siku moja radi ikapiga, king'amuzi kikaungua. Diski ya ndani ilikuwa nzima kabisa, nikaitoa kwa mikono yangu na kuichomeka kwenye kompyuta, na haikuonyesha kitu. Vinavyorekodiwa kwenye king'amuzi cha kulipia hufungwa kwa ufunguo wa mashine ileile. Mashine ikifa, ufunguo umekufa nayo. Niliketi naye sebuleni muda mrefu kabla ya kumwambia. Tangu siku hiyo kila mteja namuuliza anataka kurekodi nini. Kama ni mpira na tamthilia, chukua chochote. Kama ni kitu cha kutunza, shangazi amehojiwa au mtoto amesoma shairi kwenye chaneli ya bure, tumia king'amuzi cha bure kinachohifadhi faili wazi kwenye flashi, kisha nakili mahali pengine siku ileile. Na kabla ya kununua cha kulipia, uliza dukani: malipo ya mwezi yakiisha, nitaruhusiwa kutazama nilivyorekodi? Vipo vinavyofunga hata rekodi zako.

Radi yenyewe si ya kuchezea huku kwetu. Ukiwa nyumbani na wingu limeanza kutanda, kabla halijanguruma, chomoa stima na uchomoe pia waya wa dishi nyuma ya king'amuzi, hata kama kinarekodi. Waya wa dishi ni njia ya pili ya radi na wengi huisahau. Dishi liwekewe waya wa kwenda ardhini.

Tabia nyingine ya kubadilisha ni kuzima ukutani usiku. Tumelelewa hivyo na inaokoa tokeni, lakini king'amuzi kilichozimwa ukutani hakirekodi saa tano usiku. Kiache kwenye usingizi wake, taa nyekundu ikiwaka. Na kwa kuwa stima hupotea bila taarifa, na diski inayozunguka haipendi kukatwa ghafla, UPS ndogo ya kompyuta, ile betri ya akiba, inatosha kukiokoa. Ningekushauri ununue diski ndogo na UPS kuliko diski kubwa peke yake.

Na kile kitambaa cha kufuma kilichowekwa juu ya king'amuzi, tafadhali mama, kiende juu ya kochi. Mtambo wenye diski hupata joto kuliko wa kawaida, na matundu yale ya juu ndiyo pua yake. Nyumba za karibu na ziwa nimewahi kufungua ving'amuzi nikakuta wadudu wa ziwani wameziba matundu kama unga mweusi. Futa kwa brashi kavu kila baada ya miezi michache.

Kwa mwalimu tulishusha waya wa pili. Nilitumia waya wa aina ya RG6, nikauachia mkunjo kidogo kabla haujaingia dirishani ili maji ya mvua yadondoke nje, nikafunga viungo vya juu kwa utepe wa mpira. Kisha nikamwita ndani kwa jaribio ambalo namwomba kila mtu alidai kwa fundi wake. Tulichagua chaneli moja ya wima, tukaanza kuirekodi. Tukahamia ya mlalo, tukaitazama dakika kumi. Tukabadilisha, tukarekodi ya mlalo na kutazama ya wima, dakika kumi nyingine. Mwisho tukafungua rekodi zote mbili na kuziangalia tangu mwanzo. Halafu nikamwonyesha mahali pa kuongeza nusu saa baada ya muda ulioandikwa kwenye ratiba, kwa ajili ya dakika za nyongeza na penalti, na nikamsimamia aiweke yeye mwenyewe, kwa kidhibiti chake, mara tatu.