Picha hazijaharibika jamani, ni vijipicha tu

Watu wengi wakifungua folda ya picha kwenye kompyuta ya Windows wakakuta aikoni zinazofanana badala ya picha wanadhani faili zimeharibika au zimeliwa na virusi, wengine wanafuta kabisa, tafadhali usifute! Bonyeza faili moja mara mbili kwanza, ikifunguka vizuri basi faili ni nzima, kilichokosekana ni kile kijipicha (thumbnail, picha ndogo ya kuonyesha kilichomo) ambacho Windows hukitengeneza na kukitunza pembeni kwenye kashe, yaani hifadhi ya muda. Ingia mipangilio ya folda, sehemu ya mwonekano, kuna kisanduku cha kuonyesha aikoni tu bila vijipicha, toa tiki. Bado? Futa kashe ya vijipicha kwa Disk Cleanup (programu ya Windows ya kusafisha diski), vitatengenezwa upya vyenyewe na picha zako haziguswi. Zile picha za iPhone za aina ya faili iitwayo HEIC, mara nyingi kompyuta inakosa kodeki tu, yaani programu ndogo ya kuzisoma.